Picha Thelathini na Sita za Buabua

Mmeniuliza mara tatu sasa kwa nini nimezishusha ukutani zile picha za ndege, nyinyi wenyewe mliozisifu pale studio mpaka nikavimba kichwa. Mara ya kwanza nilisema mchwa wamekula fremu. Mara ya pili nikasema jua linazififisha. Yote uongo. Juzi nimerudi kutoka Kishanda kwa mara ya pili, na nimeona heri niiandike safari nzima, kwenda na kurudi na kwenda tena, kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo nitaipamba, nanyi mtacheka mahali pasipochekesha.

Kazi yangu mnaijua. Miaka kumi na moja nawapiga watu wa Bukoba picha za vitambulisho: inua kidevu, tazama hapa, masikio yote mawili yaonekane. Nilikuwa nimechoka na nyuso. Nilitaka kupiga kitu ambacho hakitaniuliza kimetokaje. Na tangu utotoni nawapenda buabua, wale ndege wembamba wenye kofia nyeusi kichwani na mkia wa panda, wanaojitupa majini kama waliosahau kitu huko chini. Jina hilo nilipewa na marehemu bibi yangu, aliyeletwa Bukoba kutoka Tanga akiwa mke kijana. Alikuwa akiwaona juu ya ziwa letu anasimama kidogo, anafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha anaendelea na kazi zake.

Basi muuza samaki mmoja aliponiambia kwamba katika Ziwa Burigi, chini ya Kishanda, buabua wanatagia juu ya majani ya yungiyungi na kulisha makinda mbele ya macho ya mtu, sikutulia tena. Filamu wakati ule ilikuwa haipatikani. Madukani hakuna sabuni, seuze filamu. Nilikuwa nayo moja tu, ya picha thelathini na sita, niliyoificha kabatini chini ya kanzu za Idi. Nikaazima lenzi ndefu kwa padri mmoja mpenda ndege, nikafunga studio, nikateremka kutoka kwangu Nshambya na begi begani.

Bukoba hadi Muleba

Basi liliondoka saa mbili asubuhi, likafa saa tatu. Kondakta alituambia ni kitu kidogo tu. Hicho kitu kidogo walipokitoa kwenye injini kilibebwa na watu wawili. Tukakaa kando ya barabara mpaka adhuhuri.

Karibu yangu aliketi mama mmoja mwenye kikapu cha senene wa kukaanga. Alinimiminia kiganjani bila kuniuliza kama ninakula, kisha akauliza begi lile lina nini la kukumbatiwa namna ile.

"Kamera," nikamwambia. "Naenda kuwapiga picha buabua wa ziwani, wakiwa wanalisha watoto wao."

Alitafuna kwanza, akanitazama vizuri. "Mimi nalisha sita," akasema. "Hujaja kunipiga."

Watu wote waliokuwa nyasini walicheka, nami nikacheka nao. Nilidhani ni mzaha wa njiani tu.

Tukiwa hapo yalipita malori mawili ya Operesheni Vijiji, yamebeba watu wanaohamishwa. Mmeyaona, sina haja ya kuyaeleza sana: mabati, vitanda, mbuzi, milango iliyong'olewa na bawaba zake, na juu ya mizigo bibi mmoja ameketi kwenye kinu, ameshika dume la kuku. Sisi tunaoishi kwenye migomba iliyobanana hatukuhamishwa. Kwetu walikuja kutwambia kwamba kuanzia leo sisi ni kijiji cha ujamaa, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani kulekule. Lakini huko mbele, ambako nyumba moja na nyingine zinatengwa na kilima, watu walikuwa wanakusanywa kwenye mistari mipya. Abiria waliyatazama malori mpaka yakapotea. Mimi nilikuwa natazama mawingu, nahofia mvua itaniharibia mwanga.

Buganguzi, ambapo sikupanga kusimama

Muleba nilipata nafasi juu ya lori la kahawa linalokwenda Kishanda. Dereva, Rugaimukamu, mtu mpole mwenye jino moja la mbele, hakunitajia kwamba linapitia Buganguzi kupakia magunia, wala kwamba yeye hula chakula cha mchana pole pole. Nikachoka kumngoja. Nikatoa ile lenzi ndefu, nikaifanya darubini, nikaanza kumtazama ndege mmoja juu ya mti wa kahawa.

Hapakupita muda nikajikuta nimezungukwa na wanakijiji. Mbele yao alisimama mwenyekiti wa kijiji, redio kwapani.

"Ndugu, unapima nini?"

"Sipimi kitu. Natazama ndege."

"Mtu mzima?"

Nilijaribu kueleza, na kila nilivyoeleza nilizidi kuharibu. Wengine walisema nimetumwa kuwapimia viwanja vya kuhamia. Wengine walisema mimi ni mpelelezi kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilikalishwa kwenye benchi la ofisi ya kijiji karibu saa tatu nzima, na kamera mezani mbele ya mwenyekiti, ambaye hakuigusa kwa kidole, kana kwamba ingemuuma.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja aliyepita kusikiliza zogo. Alinikazia macho, akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kitambulisho chake. "Huyu ndiye aliyenipiga hii," akawaambia. "Studio ya karibu na soko, Bukoba. Alinigombeza nisipepese macho." Mwenyekiti akaitazama ile picha, akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. Kisha akaagiza niletewe ndizi na maharage.

"Utuwie radhi, ndugu," akasema nikiwa nakula. "Siku hizi mtu akitazama shamba lako mara mbili, tumbo linakushika."

Nikamwambia hapana neno. Kwa hiyo niliokolewa na uso, ule ule mraba mdogo wenye masikio mawili niliokuwa naukimbia. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nanung'unika kwamba siku imepotea.

Kishanda

Rugaimukamu alinishusha kwa mjomba wake, Ta Klementi, kwa kuwa Kishanda hakukuwa na nyumba ya wageni. Ta Klementi alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kilichoanzia mbali na kutoka kwa zamu. Mkewe, Ma Yustina, alikuwa mfupi, mwepesi, na mwenye kauli ya mwisho katika kila jambo. Watoto wao wawili walikufa wadogo. Walizikwa pale pale kwenye kibanja, shamba la nyumbani, pamoja na baba na babu wa Ta Klementi, katikati ya migomba, makaburi yamepandwa maua mekundu na kufagiliwa kila Jumamosi.

Walipojua mimi ni Mwislamu, walimshika kuku wakanipa kisu nimchinje mwenyewe. Ma Yustina alinipokonya kikombe cha pombe ambacho jirani mmoja alinipa kwa ukarimu, akanipa juisi ya ndizi. "Mwache mwanangu," akamwambia jirani. Tangu saa ile nikawa mwanangu, nami nilipenda kuitwa hivyo.

Baada ya kula ndipo lilipotoka jambo lenyewe. Walikuwa wamepewa siku tisa wawe wamehama. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kando ya barabara.

"Nyumba nitaijenga tena, hata kwa mikono hii," Ta Klementi alisema. "Migomba itaota. Lakini hawa," akaelekeza kidevu kwenye makaburi, "siwezi kuwapakia kwenye lori."

Ma Yustina alikuwa ameshalifikiria jambo hilo. "Mwanangu, wewe una kamera. Mpige huyu akiwa amekaa pale, na baba zake nyuma yake. Hajapigwa picha maisha yake yote. Nitaitundika huko tunakopelekwa, nikiitazama nijue nilikuwa na kwangu."

"Nitampiga," nikasema. "Ngoja nimalize ziwani, siku mbili tu. Nikirudi nitampiga vizuri."

Ta Klementi akavuta kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Mgeni yeyote Uhayani hupewa, akachukua punje akaendelea na maneno. Lakini yeye alichagua tunda moja, akalipasua kwa meno, punje moja akala yeye, ya pili akanitilia mkononi. Aliyekulia Bukoba haelezwi maana yake. Mliogawana punje za tunda moja mmekuwa ndugu, na hamdanganyani. Niliitafuna. Ilikuwa chungu, yenye harufu ya majani waliyoichemshia.

Ziwani

Nitasema kweli: zile siku mbili zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na sijui nifanye nini na ukweli huo.

Mvuvi aliyenipeleka aliitwa Kagaruki. Aliusukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya mayungiyungi, akautuliza hapo, akalala usingizi kwenye tezi, kofia usoni. Mbele yangu, juu ya majani, palikuwa na viota zaidi ya nilivyoweza kuvihesabu. Ni vitu ovyo, rundo la mabua linaloloweshwa na maji chini, na kila wimbi dogo likipita, kiota na kinda vinapanda na kushuka. Mwanzoni wazazi walinirukia kichwani wakipiga kelele, mmoja akanichafulia kofia. Baada ya saa moja wakanizoea.

Hapo ndipo nilipoona ulishaji wenyewe. Buabua anakuja na kisamaki amekibana kwa kukikingamisha mdomoni. Makinda yote ya jirani yanasimama, yanapanua vinywa na kupiga kelele kama yeye ni mzazi wa wote. Yeye hapapariki. Anapita juu yao mara moja, mara mbili, anatafuta mmoja tu, aliye wake, na akimpata anainama kidogo, samaki anaondoka, naye kabla ya kinda kumeza ameshageuka kwenda kutafuta mwingine. Nilimhesabia mmoja safari arobaini kabla ya adhuhuri. Hakupumzika. Nilihisi macho yananichoma, mtu mzima, na Kagaruki anakoroma.

Nilikuwa nimetenga picha tatu za mzee. Hilo nililiweka nadhiri nikiwa bado nchi kavu: thelathini na tatu za ndege, tatu za Ta Klementi. Siku ya pili mchana nikafika thelathini na tatu, nikafunga begi, nikamwambia Kagaruki tugeuze.

Tukiwa tunageuza, kinda moja likaruka. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza, maana lilikuwa linapepesuka, miguu inaning'inia. Na mzazi akaja na samaki, hakwenda kiotani. Akalifuata huko huko hewani.

Nikafungua begi. Nikapiga, nikachelewa. Nikajisemea mzee anatosha kwa mbili. Wakapita tena, nikapiga, jani la tete likaniziba. Nikajisemea moja yatosha, mzee ana sura moja tu. Naandika maneno yale yale niliyojiambia, nikiwa nimechuchumaa mtumbwini, mwenye furaha ya kijinga. Kisha wakaja mara ya tatu, karibu, kinda chini na mzazi juu, mabawa ya wote wawili wazi, na samaki katikati yao, ameshikwa na midomo miwili. Nikapiga.

Mkono wa kusogezea filamu ukagoma. Ilikuwa ile ya thelathini na sita.

Kishanda tena

Njia nzima ya kupanda kutoka ziwani nilipanga namna ya kumweleza. Filamu imekwisha, Ta, lakini nitarudi. Ni maneno machache, na Kihaya chake nakijua.

Nilipofika kwenye kibanja nilimkuta ameketi tayari. Amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi la Jumapili, amenyolewa, kiti kimewekwa mbele ya makaburi, na chini pametandikwa nyasi mpya. Ma Yustina alikuwa anamfuta vumbi viatuni kwa kanga. Majirani wamesimama kando, wamejipanga kama kanisani.

"Amekaa hapo tangu asubuhi," Ma Yustina akaniambia. "Nimemwambia mwanangu anakuja, hataki kuamini."

Nikaitoa kamera. Filamu nilikuwa nimeshaizungusha na kuitoa, imo mfukoni mwangu, imejaa ndege. Nikamwambia inua kidevu, Ta. Nikamwambia tazama hapa. Nikasogea kushoto, nikapiga goti, nikabonyeza. Ule mkono wa kusogezea filamu ulikuwa mwepesi, hauvuti kitu. Nilimpiga picha nane namna hiyo, nikampiga na mkewe, nikawapiga na majirani. Nilijiambia hii si kudanganya, ni kuahirisha. Mwezi haupiti nitarudi na filamu, nitawaambia zile ziliungua, nitawapiga upya.

"Kasinge, waitu, kasinge," mzee alinishukuru kwa mikono miwili. Kisha akapatwa na kikohozi kirefu ambacho sikuwahi kusikia mfano wake, akakaa chini kwenye nyasi mpaka kikaisha. Ma Yustina akanifungashia mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna. Niliupakia mkungu ule kwenye lori la Rugaimukamu nikiona haya, lakini niliupakia.

Kurudi Bukoba sina la kusimulia. Basi halikuharibika hata mara moja.

Mara ya pili

Mlizipenda picha. Ile ya mwisho padri alitaka kuinunua. Nami nilikuwa nasubiri filamu, ndivyo nilivyosema. Lakini kwa kuwa nimeamua kusema, niseme yote: filamu ya kwanza niliyopata baada ya hapo niliipigia harusi. Ya pili pia. Miezi sita ikapita ndipo nilipofunga studio tena, nikiwa na filamu mpya ndani ya kamera na ile picha ya thelathini na sita ndani ya bahasha, zawadi ya kusuluhishia mambo.

Lori lilinishusha kwenye kijiji kipya. Nyumba zimepangwa kwa mstari, mahindi yamefika kiunoni, migomba michanga bado haijui kama itakaa. Nikauliza nyumba ya Ta Klementi. Mwanamke niliyemuuliza aliweka ndoo chini kabla ya kunijibu. Hakumaliza mwezi baada ya kuhama, akaniambia. Wanaume walimwomba mwenyekiti wao wa hapo, akakubali, wakambeba kwa miguu wakamrudisha kwenye kibanja chake, alale na baba zake.

Habari ya kuja kwangu ilinitangulia. Nilipoingia, Ma Yustina alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa gauni jipya, ameshika kofia ya marehemu mumewe. Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Niliuelewa mara moja. Kofia ndiyo iliyokuwa inakaa pale, na ameitoa ili kupisha picha.

"Umeileta, mwanangu?"

Nikamwambia. Sikupamba, sikusema ziliungua. Nikamweleza filamu, ndege, tatu zikawa mbili zikawa moja, na kamera tupu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimpa na bahasha, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Aliitazama ile picha muda mrefu, akaigeuza kidogo kuelekea mlangoni apate mwanga.

"Anamlisha mwanawe," akasema.

"Ndiyo, Ma."

"Ni nzuri." Akanirudishia. Kisha akasema, si kwa hasira, "Siku ile hakukohoa. Uliona? Muda wote ulipokuwa unampiga. Alikuwa ameniuliza, nikikohoa si itatikisika? Nikamwambia itatikisika. Akajizuia."

Nikalia. Sijui kama nililia kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilipoweza kusema nikamwambia filamu hii mpya ni yake yote, thelathini na sita, twende kwenye kibanja nikapige kaburi, nimpige na yeye pale.

"Kaburi nalijua lilivyo," akajibu. "Nilikuwa nataka sura. Na mimi unipige ya nini? Wa kunitazama yuko wapi?"

Akairudisha kofia kwenye msumari, akainyoosha isikae upande. Kisha akaleta kile kijikapu cha kahawa, maana nilikuwa nimeingia nyumbani kwake na hakuna anayetoka bila kutafuna. Nilinyoosha mkono nikingoja. Hakulipasua tunda.

"Karibu kahawa, mgeni," akasema, akanipa zima.

Nikalipasua mwenyewe, nikatafuna punje zote mbili.